Barua ya Kopi Tano

Kama kuna kitu kinachonichosha hadi leo, ni wanaume wanaopanga timu ambayo hakuna mtu aliyewaomba waipange. Nikiwasikia tu nje ya dirisha, "mi ningemuweka ule, mi ningemutosha huyu," kichwa kinaanza kuniuma. Watoto wa mdogo wangu wananicheka, wanadhani shangazi yao hapendi mpira. Nilipenda mpira kuliko wao wote. Ulinitoka kwa sababu ya barua moja, nayo niliipiga chapa kwa vidole vyangu mwenyewe.

Timu yetu ya taifa ilipofuzu kwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani, mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya baba mdogo, Kolwezi. Ukoo wetu ulitoka Maniema tangu enzi za babu, na kama Waislamu wengi waliotoka upande ule, tulikuwa watu wa kununua, kuuza na kusafirisha. Baba mdogo alikuwa na malori mawili. Yalikwenda Mutshatsha kuchukua mihogo na makaa, mara moja moja yakafika mpaka Kisenge. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma na mashine ya kuandika, na nje, chini ya dirisha langu, palikuwa na benchi la madereva. Madereva hawakulipata benchi lile hata siku moja. Lilikuwa la watu watatu wa mpira.

Wa kwanza alikuwa fundi wa malori yetu, mzee wa Kikasai ambaye baba yake aliletwa na mgodi enzi za Wabelgiji. Yeye ndiye aliyesema zaidi, na aliamini kwa moyo wote kwamba Kinshasa na Lubumbashi wamekula njama Kolwezi isionekane. Wa pili alikuwa mlinzi wa ghala, aliyekuwa golkipa ujanani. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilipinda, na mabishano yakimshinda alikuwa anaviinua tu juu, basi, wenzake wananyamaza. Wa tatu alikuwa katibu wa seli ya chama mtaani kwetu. Huyo alifunga abakosi yake, lile koti la wakati ule lisilovaliwa na tai, mpaka shingoni hata kwenye joto la Oktoba, na mfukoni alitembea na muhuri wa seli, ameufunga kwenye kitambaa.

Ubao wao ulikuwa lori. Likirudi kutoka Mutshatsha, ubavu wake wote umejaa vumbi jekundu, basi fundi anasogea na kidole chake cheusi cha mafuta na kuandika wachezaji kumi na mmoja: golkipa huku karibu na gurudumu, mabeki wanne, hivyo hivyo mpaka mbele. Mlinzi anainuka, anafuta beki mmoja kwa kiwiko. Katibu anamrudisha. Fundi anakasirika, anafuta mabeki wote. Kila Ijumaa baba mdogo aliamuru malori yaoshwe kabla hajaenda msikitini, na timu nzima inakwenda na maji. Jumatatu lori linarudi na vumbi jipya, wanaanza upya kutoka golkipa.

"Ule wa Kinshasa ni murefu," fundi anasema, "lakini mipira ya chini anaogopa."

"Anaogopa namna gani? Ulimuona wapi?" mlinzi anauliza.

"Mu radio."

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyasikiliza huku napiga hati za mizigo. Mtu aliyemwona golkipa kwenye redio. Hata Jumamosi za salongo, tulipotoka mtaa mzima na majembe kusafisha mifereji kwa amri ya serikali, wao watatu walisimama wameegemea mipini wakigombana juu ya namba tisa, na sisi wanawake ndio tuliochimba. Niliwahi kuwaambia, namba tisa wanayemtaka ana mguu mmoja tu wa kupiga, na beki yeyote mwenye akili atamsukuma upande wa pili. Niliyasema kwa sababu nilimwona akicheza kwetu, na macho yangu ni mazima. Katibu akaniangalia kwa upole. "Mama, ile ni bitu bya banaume," akasema. Nilikuwa nimeingia uwanjani mara nyingi kuliko yeye.

Kwa jambo moja tu walikubaliana, na mimi pia nilikubaliana nao: namba kumi na moja. Winga wa kushoto alikuwa mdogo wangu.

Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka sita na mimi kumi na miwili, kwa hiyo sijui kama nilikuwa dada yake au mama yake, ingawa aliniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani nikamkuta ameshakuwa mtu mzima, anafanya kazi kwenye pampu za kampuni ya mgodi upande wa Kingamyambo, anatoka kazini miguu imekauka matope ya kijivu, anakwenda moja kwa moja uwanjani. Hakuwa msemaji. Uwanjani alikuwa anautuliza mpira kwa mguu wa kushoto, anasubiri beki aje, na beki akija yeye hayupo tena. Nilifua jezi yake miaka yote na sikuwahi kuchoka. Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na saba. Kila mtu alijua kwamba Kombe lingine likifika miguu ile itakuwa imezeeka, hata yeye alijua, ingawa hakulisema.

Kuna jambo moja juu yake lazima nilieleze. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia, kwa mjomba wetu aliyekuwa na duka Chingola. Aliondoka kama mtu anayekwenda kusalimia ndugu. Akakaa misimu miwili, akachezea timu ya pale. Mjomba alituandikia kila mwezi, na mimi niliyashika mabao yote kichwani. Siku zile wakubwa wa nchi hawakutaka kusikia kwamba mchezaji ametoka nje kucheza bila ruhusa yao. Waliokuwa wamekwenda Ulaya walikuwa wameitwa warudi. Lakini yeye aliporudi hakuna aliyemuuliza kitu. Kolwezi nzima ilijua alikuwa wapi, na Kolwezi nzima ilimpokea kwenye ubavu wa kushoto kana kwamba alikuwa ameumwa malaria kwa muda mrefu.

Basi ikaja habari kwamba kabla ya orodha kubwa ya timu ya taifa, wachezaji wachache wa mkoa wetu, uliokuwa umeanza kuitwa Shaba, wataitwa Lubumbashi kwenye kambi ya kujaribiwa. Bwana mmoja wa ofisi ya michezo ndiye atakayepeleka majina Kinshasa. Benchi likachemka. Fundi akasema wasipofanya kitu, Kolwezi itasahauliwa kama kawaida.

"Tuandike mukanda," akasema. "Bakubwa banasomaka mukanda."

Walibishana juu ya barua hiyo wiki mbili. Mlinzi alitaka iwe fupi. Katibu alitaka ianze na salamu kwa Rais, kwa chama na kwa mapinduzi, na kila alipofikiri wamemaliza salamu alikumbuka mwingine wa kusalimiwa. Fundi alitaka kuweka malalamiko yote ya Kolwezi tangu uhuru, pamoja na ile penalti moja ambayo mwamuzi aliikataa. Mimi nilikaa ndani na karatasi tupu kwenye mashine nikisubiri. Nilitamani niwamwagie ndoo ya maji wao na lori lao.

Mwishowe wakaniletea ukurasa ulioandikwa kwa mkono, Kifaransa cha katibu. Niliusoma mara mbili. Salamu zilijaza robo tatu. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja juu ya mdogo wangu: kwamba anacheza vizuri sana, na ana nidhamu.

"Hii haina kitu," nikawaambia kupitia dirishani. "Kila mtaa wa nchi hii una mtu anayecheza vizuri sana. Ameshinda nini? Alicheza wapi? Mabao mangapi? Muntu wa ofisi akisoma hii atafungia nayo karanga."

Wakaangaliana. Fundi akacheka, akasema, "Yaya yake ana haki. Weye unajua kuandika, andika basi. Shiye tutatia sahihi."

Ndivyo nilivyofanya, na nilifurahi sana. Hilo silifichi. Hatimaye wanaume wale walikuwa wamekubali kwamba kuna kitu ninachokijua. Nilipunguza salamu. Niliweka misimu ya mdogo wangu, mabao yake, mechi alizoshinda peke yake. Halafu nikaona bado haitoshi. Kombe la Dunia ni mambo ya mataifa, nikawaza, lazima waone kwamba huyu si mchezaji wa mtaani tu, ameshacheza na wageni na akawaweza. Nikaandika kwa herufi safi kwamba alichezea timu ya Chingola, Zambia, misimu miwili, nikataja jina la timu, nikataja mabao kumi na saba. Niliusoma mstari huo kwa sauti ndogo na nikaona ndio uliobeba barua nzima.

Niliwasomea. Mlinzi alikuna kidevu. Fundi akasema ni kweli, hapo watafunguka macho. Katibu yeye hakufikiria Zambia hata kidogo. Alikuwa anafikiria kopi. Kwetu barua isiyo na kopi si barua. Unamwandikia mtu mmoja, na juu ya karatasi unaorodhesha wakubwa wengine wote wanaopewa kwa taarifa, ili yule mmoja ajue anaangaliwa. Katibu akataja: kopi kwa wakubwa wa mpira Kinshasa, kopi kwa kiongozi wa mkoa, kopi kwa chama, kopi kwa mji, kopi kwa kampuni. Tano. Nikaweka karatasi sita na kaboni tano katikati, na ukipiga kopi tano lazima ugonge kwa nguvu, la sivyo ya mwisho haisomeki. Niligonga mpaka viungo vya vidole vikaniuma. Watu arobaini walitia sahihi. Katibu akafungua kitambaa, akapiga muhuri karatasi zote sita.

Mdogo wangu hakujua. Tulitaka ashtuke kwa furaha.

Wiki tatu zilipita. Benchi lilikuwa limeshaanza kugombana nani atamsindikiza stesheni siku ya kuondoka. Kisha mdogo wangu akaitwa na bwana yule wa ofisi ya michezo, aliyekuwa amefika Kolwezi kwa kazi zake. Alikwenda asubuhi amevaa shati jeupe. Alirudi kabla ya adhuhuri, akapita benchi bila kuwaangalia wale watatu, akaingia ofisini kwangu, akafunga mlango. Nilikuwa nakata mkate. Akakaa juu ya sanduku la vipuri.

"Jina yangu ilikuwa ndani, yaya," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama anavyoeleza mtu aliyechoka. Bwana yule alikuwa ameshamwandika kwenye orodha ya kambi muda mrefu, kabla ya barua yoyote. Alimwona akicheza mara mbili na hiyo ilimtosha. Habari ya Chingola aliijua, nani asiyeijua, lakini aliinyamazia. Sasa barua imefika yenye sahihi arobaini na muhuri wa chama, inasema waziwazi kwamba mtu huyu alitoka nchini akachezea timu ya nchi nyingine. Kama ingekuja kwake peke yake angeiweka kwenye droo na kuisahau. Lakini kopi zilikuwa zimekwenda kwa kila mtu. Kutoka ofisi mbili alikuwa ameshaulizwa: huyu ni nani, alivuka kwa karatasi gani, na kwa nini yumo kwenye orodha yako? Akalifuta jina. Alimwambia mdogo wangu, "Bantu benu banakupenda sana, mwana. Mi pia sina cha kufanya."

Kisu cha mkate kilikuwa bado mkononi mwangu. Nakumbuka nilikiweka mezani taratibu ili kisitoe sauti.

"Ile maneno ya Chingola," mdogo wangu akauliza, "ni nani aliandika?"

Wanaume watatu walikuwa nje chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Nilijua wanasikia. Nikaonyesha nje kwa kidevu, nikasema, "Ni bo."

Akainuka, akatoka nje. Nilimsikia akisema na fundi, kwa kuwa fundi ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Hakupiga kelele. Alimwambia kwamba jina lilikuwa limo na wao wamelitoa. Kwamba walikuwa wanacheza na timu kwenye vumbi la lori kila siku, na sasa wamecheza na maisha yake. Kwamba kuanzia leo asimsalimu tena njiani. Mlinzi alitazama chini. Katibu alikuwa ameshaondoka, hata sijui alipotelea wapi. Nilisimama dirishani. Fundi aliinua macho akaniona, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Unisamehe, mwana," akasema. "Tulikosa."

Yule mzee aliyesema kuliko watu wote niliowahi kuwajua, aliyeweza kubishana juu ya penalti moja kuanzia asubuhi hadi jioni, siku ile hakusema zaidi ya hapo. Angeweza kunyoosha kidole dirishani tu. Nami nilikuwa na nafasi ya kufungua mlango, hatua nne tu kutoka mezani, na sikuufungua.

Timu ilikwenda Ujerumani. Mnajua ilivyokuwa. Asubuhi baada ya yale mabao tisa tuliyofungwa katika mechi moja, mtaa mzima ulikuwa umenuna, na mlinzi na fundi walikaa kwenye benchi bila kuandika kitu kwenye lori ingawa vumbi lilikuwepo. Mpita njia mmoja akasema kwamba wangemchukua winga wetu mambo yangekuwa mengine. Nilifunga dirisha. Bila lile dirisha chumba kilikuwa giza, lakini nililifunga.

Mdogo wangu alicheza misimu mingine miwili, bila hamu, kisha akaacha. Alioa, akazaa. Hakumsalimu fundi tena. Walikutana mlangoni kwetu karibu kila siku, kwa sababu malori yaliendelea kuharibika, na mdogo wangu alipita kama anayepita mlingoti. Mzee hakuacha kusema "Jambo, mwana." Alisema "Jambo, mwana" miaka mitano, na hakujibiwa hata mara moja. Mimi nilikuwa ndani napiga chapa. Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi nina hasira na watu wa benchi, nilijibu kwamba wanaume wale walimharibia mdogo wangu maisha kwa mdomo wao. Nililisema mara nyingi mpaka nikaanza kuliamini, na hasira yangu ilikuwa ya kweli kabisa.

Fundi alifariki wakati wa mvua, ugonjwa wa siku nne tu. Habari ilitukuta nyumbani tunakunywa chai. Nikamwambia mdogo wangu avae twende kwenye kilio. Akasema hana kilio kule. Basi, nilichokuwa nimekiweka kifuani miaka yote ile kikatoka chenyewe, kikavu, bila hata machozi.

"Si ye aliandika," nikasema. "Ni mi."

Aliendelea kukoroga chai yake. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ile siku. Bale batatu habakujua hata jina ya ile timu ya Chingola. Ni weye tu ulikuwa unaijua."

Nilikasirika. Badala ya kuona haya nilikasirika, nikamuuliza kwa sauti kwa nini basi alimtesa mzee wa watu miaka mitano, kwa nini hakunijia mimi. Akaweka kijiko chini.

"Ilipashwa nimukasirikie muntu, yaya," akasema. "Na yaya nilikuwa naye moja tu."

Alivaa, tukaenda. Tulifika kwa kuchelewa, watu wamejaa uani, wimbo wa kanisa lao ukiendelea. Mjane wa fundi alipomwona mdogo wangu alisimama kutoka kwenye mkeka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kufika. Alikuwa hajui kitu. Akamwambia kwamba mume wake, kila radio ilipotangaza timu ya taifa, miaka yote ile, alikuwa anasikiliza mpaka namba kumi na moja, halafu anaizima na kusema bado wamekosea. Mdogo wangu akakaa chini pale pale mbele yake, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba, walikokuwa wanawake wanapika, nikaomba wanipe kazi yoyote.